Tarehe, ukumbi, na nani hakuwepo: kuandaa kipindi cha redio cha muziki wa Kijerumani na vita ukiwa Dodoma

Kipindi cha aina hii hufa kwa njia mbili. Ama mtangazaji anapiga muziki mzuri na kuisahau vita, ama anahutubia vita mpaka msikilizaji anahamia kituo chenye bongo fleva. Dawa ya yote mawili ni kuianzisha historia kwenye onyesho au rekodi yenyewe, si kwenye wasifu wa mtunzi. Kabla ya kila kipande, msikilizaji aambiwe mambo matatu: ni tarehe gani, ni ukumbi gani, na nani hakuwepo.

Chukua Simfoni ya Tisa ya Beethoven. Ilisikika mara ya kwanza Vienna tarehe 7 Mei 1824. Tarehe 19 Aprili 1942 ilipigwa Berlin na Berliner Philharmoniker chini ya Wilhelm Furtwängler, mkesha wa siku ya kuzaliwa ya Hitler. Noti ni zilezile, na kwaya iliimba yaleyale ya watu wote kuwa ndugu. Lakini Szymon Goldberg, Myahudi aliyekuwa kiongozi wa fidla katika okestra hiyo, alikuwa ameshaondoka tangu 1934. Hayo yanasemeka kwa sekunde arobaini, na ukishayasema huhitaji mahubiri.

Maelezo haya yanamlenga mtangazaji wa redio ya jamii, awe Dodoma mjini, Kondoa au Mpwapwa, mwenye saa moja kwa wiki, fundi mitambo mmoja na bajeti ndogo. Saa 3 usiku ya Jumapili inafaa kuliko mchana: bajaji zimepungua barabarani, na sauti za chini za okestra zinapata nafasi ya kusikika.

Haki za muziki zimalizwe mapema. Bach, Beethoven na Brahms hawadai mtu, lakini rekodi ni mali ya okestra na kampuni iliyoirekodi, hata kama mtunzi alikufa miaka 200 iliyopita. Hakikisha kituo kina makubaliano na chombo cha kukusanya mirabaha kinachotambuliwa na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, na kwamba orodha ya mlichopiga inapelekwa. Kama hakuna fedha kabisa, tovuti ya Musopen ina rekodi zilizoachwa huru kwa matumizi ya wote. Usichote faili YouTube. Ukiacha suala la haki, sauti yake imeshabanwa, na mtambo wa kituo utaibana tena. Fidla zitatoka kama nyuki ndani ya kopo.

KUPANGA MAJUMA SITA

Jina la kipindi lisikufunge. Ukikiita "Muziki wa Ujerumani" utasahihishwa kila wiki: Haydn, Mozart na Schubert ni Waaustria, Beethoven alizaliwa Bonn akaishi na kufia Vienna, Handel alizaliwa Halle akafia London. "Muziki wa nchi za Kijerumani" linatosha.

Usifungue na Hitler. Wasikilizaji wa Dodoma wana mlango wao tayari, nao ni kwaya. Mtu aliyekaa sauti ya tatu kwa miaka kumi anausikia wimbo wa Luther, "Ein feste Burg", hata ukiwa umefunikwa na mapambo ya Bach katika kantata namba BWV 80. Anza hapo, kisha mpeleke kwa Heinrich Schütz. Huyu alikuwa mkuu wa muziki katika ikulu ya Dresden wakati wa Vita ya Miaka Thelathini, 1618 hadi 1648. Vita ilipomaliza fedha na waimbaji, alichapisha mwaka 1636 na 1639 vipande vidogo vya kanisani, "Kleine geistliche Konzerte", vya sauti moja hadi tano na kinanda cha kusindikiza. Yaani ukubwa wa muziki wenyewe ni taarifa ya vita. Mwalimu wa kwaya aliyewahi kubakiwa na waimbaji watano ataelewa bila kufafanuliwa.

Juma la pili ni Haydn: misa ya 1796 aliyoiita misa ya wakati wa vita, ambayo katika "Agnus Dei" ngoma za timpani zinagonga chini kama jeshi linalosogea, na wimbo wa mwaka 1797 aliomtungia Kaizari Franz, mtawala wa Austria. Sauti ya wimbo huo aliitumia tena katika kwateti ya nyuzi op. 76 namba 3, na baadaye ndiyo ikawa sauti ya wimbo wa taifa wa Ujerumani mwaka 1922. Hapa kuna shimo. Ukitafuta wimbo huo mtandaoni unaweza kupata rekodi ya enzi ya Wanazi, ambayo ubeti wa kwanza unafuatwa moja kwa moja na wimbo wa chama chao. Usipige toleo lolote la kuimbwa usilolisikiliza hadi sekunde ya mwisho. Piga kwateti, eleza kwa maneno, na useme kwamba siku hizi Wajerumani huimba ubeti wa tatu peke yake.

La tatu ni Beethoven. Noti nne za mwanzo wa Simfoni ya Tano, fupi tatu na ndefu moja, ni herufi V kwa alama za Morse, zile za simu ya maandishi, na BBC ilizitumia kuanzia 1941 kama ishara ya ushindi dhidi ya Ujerumani. Berlin nao waliendelea kumpiga Beethoven huyohuyo. Weka hoja hizo mbili bega kwa bega, usitoe hukumu.

La nne ni Mendelssohn, na ndilo rahisi kuliandaa kwa sababu hadithi imejaa yenyewe. Alizaliwa Hamburg 1809 katika familia ya Kiyahudi, akabatizwa Mprotestanti, na tarehe 11 Machi 1829 akaifufua Berlin ile "Mateso ya Mathayo" ya Bach iliyokuwa imesahauliwa na watu. Wanazi walipiga marufuku muziki wake. Novemba 1936 sanamu yake iliyokuwa mbele ya ukumbi wa Gewandhaus, Leipzig, iling'olewa; meya wa mji, Carl Goerdeler, akajiuzulu, na Februari 1945 akanyongwa kwa kushiriki njama za kumpindua Hitler. Piga "Hebriden", dakika kama 10, halafu konseto ya fidla nzima, dakika 27 hivi.

La tano na la sita yanahitaji nafasi zaidi.

SAA MOJA, DAKIKA KWA DAKIKA

Kiswahili cha redioni kinasomeka vizuri kwa maneno 100 hadi 110 kwa dakika. Kwa hiyo dakika 12 za maneno ni kurasa chache tu: maneno 1,300 hivi. Anayeandika 2,500 atakata muziki, na muziki uliokatwa katikati ya sehemu ni kosa ambalo msikilizaji wa kipindi hiki hasamehi. Huu hapa mpango wa juma la tano, la Richard Strauss:

0–4: jingo, salamu, Strauss ni nani
4–19: Beethoven, Simfoni ya Tatu, sehemu ya pili, maombolezo
19–23: maelezo: majumba matatu ya opera
23–25: matangazo
25–27: nini cha kusikiliza
27–53: Strauss, "Metamorphosen"
53–55: maneno ya kufunga
55–57: matangazo
57–60: akiba

Kwa nini Beethoven atangulie? Kwa sababu "Metamorphosen" ni kipande cha vyombo 23 vya nyuzi (fidla 10, viola 5, cello 5, besi 3) ambacho mwishoni kabisa, chini kwenye besi, kinaleta mwanzo wa yale maombolezo ya Beethoven, na hapo Strauss aliandika "IN MEMORIAM". Msikilizaji asiyekuwa na ile sauti sikioni ataipita kama kituo cha basi usiku.

Katika dakika nne za kati, toa tarehe. Opera ya Munich iliungua kwa mabomu Oktoba 1943. Ya Dresden iliteketea Februari 1945. Ya Vienna ilipigwa tarehe 12 Machi 1945. Strauss alianza kuandika kipande hiki kesho yake, tarehe 13, akamaliza 12 Aprili, Ujerumani ikiwa imebakiza majuma machache kushindwa. Kilisikika mara ya kwanza Zürich, Januari 1946. Halafu jaza upande wa pili: mzee huyu anayelilia majumba ndiye aliyekubali mwaka 1933 kuwa rais wa chombo cha serikali ya Wanazi cha kusimamia wanamuziki, Reichsmusikkammer, chombo kilichowafungia milango wanamuziki wa Kiyahudi. Alilazimishwa kujiuzulu 1935, baada ya polisi wa siri kunasa barua yake kwa Stefan Zweig, mwandishi wa Kiyahudi aliyemwandikia maneno ya opera. Mkwe wake, mke wa mwanawe, alikuwa Myahudi. Yaseme yote kwa sauti moja ileile. Ukimsafisha utadanganya, ukimchafua tu utadanganya vilevile.

Kinachoharibika mara nyingi ni muda. Maombolezo ya Beethoven kwa mwongozaji mmoja ni dakika 12, kwa mwingine yanapita 17. Usiamini muda wa kwenye makaratasi. Fungua faili lako na uupime. Na ile akiba ya dakika 3 si ya mapambo: iwe wimbo mfupi wa Bach au Schütz uliokwisha kupakiwa, tayari kwa siku ambayo tangazo la msiba au la mkutano wa kata linaletwa studio dakika ya mwisho.

MATAMSHI

Hili ni jambo la dakika ishirini za mazoezi, na Mswahili ana faida. Herufi "ch" baada ya a, o, u ni "kh" ya "kheri" na "Khamisi": Bach ni Bakh, si Baki wala Bachi. Herufi w husomwa v, na v mara nyingi husomwa f: Wagner ni Vaagna, Beethoven ni Beet-hofen. J ni y, kwa hiyo Johann ni Yohan, ndugu yake Yohana wa Biblia. Z ni "ts": Leipzig ni Laiptsish au Laiptsik, yote yanakubalika. Ei ni "ai", ie ni "i" ndefu, eu ni "oi", sch ni "sh".

Ile ü ndiyo ngumu. Sema "i", kisha bila kusogeza ulimi kunja midomo kama unayesema "u". Schütz, München, Zürich: jizoeze kwa sauti, andika matamshi kwa kalamu nyekundu juu ya kila jina kwenye karatasi unayosomea, na usiwahi kucheka jina hewani. Na neno moja la kwetu: wazee wengi watasema "Mdachi" badala ya "Mjerumani". Liache lilivyo, ni neno halali la Kiswahili na lina umri mkubwa kuliko kituo chenu.

SAUTI

Mitambo ya vituo vyetu imepangwa kwa ngoma na maneno, muziki ambao sauti yake haishuki wala haipandi sana. Okestra hupanda na kushuka kwa zaidi ya desibeli 40. Matokeo yake ni matatu.

La kwanza, mtambo unaohisi ukimya. Vituo vingi vimeupanga kwamba sauti ikishuka mno kwa sekunde 20 au 30, mtambo unaruka wenyewe kwenye orodha ya akiba. Mwisho wa "Metamorphosen" unafifia taratibu, na hapohapo penye "IN MEMORIAM" utashtukia singeli. Mwambie fundi auzime kwa saa hiyo, kisha auwashe. Amwandikie na mwenzake wa zamu ya usiku, la sivyo utabaki umezimwa hadi asubuhi.

La pili, kibana sauti cha kituo huvuta sehemu za chini kwa nguvu na kuleta mvumo wa utepe juu, hasa katika rekodi za miaka ya 1940. Zuia kwa kufanya kazi mapema kwenye programu ya Audacity: chagua sehemu za chini kabisa, zipandishe kwa desibeli 6, na uanze kupandisha taratibu sekunde 10 hadi 15 kabla, ili sikio lisigundue. Usitumie kisafisha mikwaruzo zaidi ya kidogo; kikizidi, fidla zinasikika zipo chini ya maji. Ipo rekodi ya Walter Gieseking akipiga konseto ya tano ya Beethoven Berlin mwishoni mwa vita, yenye milio ya mizinga ya kutungulia ndege nyuma ya piano. Ukiisafisha hiyo umefuta historia uliyokuja kuionyesha.

La tatu ni mono. Redio nyingi za jikoni na simu zina spika moja. Rekodi za zamani zilizotengenezwa stereo kwa ujanja huweza kujila zenyewe zikijumlishwa, sauti ikabaki nyembamba. Bonyeza mono kwenye miksa, sikiliza dakika moja. Ikififia, tumia upande mmoja tu wa faili kwa pande zote mbili.

Kati ya sehemu moja ya simfoni na nyingine kuna ukimya wa sekunde kadhaa. Mtahadharishe msikilizaji kabla, au atadhani mmekatika. Umeme ukikatika kweli: chini ya dakika moja, endelea ulipoishia, zaidi ya hapo, rudia sehemu hiyo tangu mwanzo na utoe akiba kafara. Kiangazi, vumbi la Dodoma huingia kwenye vitelezi vya miksa na kuleta mikwaruzo kila unaposhusha sauti, jambo lisilosikika kwenye ngoma lakini linalotoboa sikio kwenye kwateti. Vifunike kila usiku. Masika, kama studio ina bati bila dari nene, rekodi maneno yako asubuhi.

JUMA LA DODOMA

Hili ndilo juma la sita, na hapa ndipo vita inapoacha kuwa ya mbali. Reli ya Kati ilianza kujengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam 1905 na kufika Kigoma 1914. Dodoma ilikua kwenye reli hiyo. Aprili 1916, katika Vita ya Kwanza ya Dunia, kikosi cha Afrika Kusini cha jenerali van Deventer, kilichokuwa upande wa Waingereza, kiliingia Kondoa. Mei, Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikishambulia akashindwa kukiondoa. Mwishoni mwa Julai mwaka huohuo Dodoma ikaanguka na reli ikakatwa. Majeshi yote mawili yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo, mvua nazo zikakosa, na Ugogo ikaingia kwenye njaa inayokumbukwa kwa jina la Mtunya. Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini Abercorn, Mbala ya leo nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, majuma mawili baada ya vita kwisha Ulaya. Usimsimulie kama shujaa wa mbinu za porini bila kutaja waliombebea mizigo.

Tafuta wazee wawili au watatu wanaosimulia Mtunya kama walivyoipokea kwa wazazi wao. Idhini yao irekodiwe kwanza, kwa sauti. Simu inatosha: iweke sentimita 20 kutoka mdomoni, zima mtandao, kaa chumbani mbali na bati na mabanda ya kuku. Mzee aachwe aongee Cigogo akitaka, na tafsiri ije baada yake, isimpande juu. Shikamoo isikatwe kwenye uhariri. Kijana anayeruka salamu hewani atapoteza kipindi chote.

Kwa muziki, weka sehemu ya pili ya "Ein deutsches Requiem" ya Brahms, dakika kama 14. Maneno yake yanaanza na Waraka wa Kwanza wa Petro 1:24, mwili wote ni kama majani, na anayeijua Ugogo ya Oktoba hahitaji mkalimani. Kisha kikundi cha Wagogo, kwa mfano kutoka Chamwino, ambako muziki wa Cigogo una tamasha lake: zeze, ilimba, na ngoma za muheme zinazopigwa na kina mama. Walipwe kabla hawajapanda gari la kurudi.

Mambo mawili ya kiufundi. Ilimba ina utando wa buibui kwenye matundu yake unaoleta mvumo wa kukwaruza. Fundi asiyejua ataudhani ni hitilafu ya waya na kuuchuja. Asiuguse. Aweke maikrofoni sentimita 30 kutoka kwenye kisanduku. Pili, zeze halifuati mpangilio wa noti za piano. Ukilipiga mara tu baada ya okestra, sikio litasema moja kati ya mawili limekosea, na kwa dhuluma litailaumu zeze. Weka angalau dakika moja ya maneno katikati. Na usivichanganye vikapigwa pamoja. Wazo hilo hutolewa kila mara, na kila mara linaharibu vyote viwili.

SIMU NA MESEJI

Usipokee simu za moja kwa moja. Omba meseji za sauti za WhatsApp zisizozidi sekunde 30, nawe unazo dakika 26 za Strauss za kuzisikiliza kwenye hedifoni na kuchagua tatu. Mmoja atamsifu Hitler, kwa ujinga au kwa mzaha. Usiirushe, na kanuni za TCRA za maudhui zipo upande wako. Mwingine atauliza, kwa nini tunapiga muziki wa waliotutawala na kutuua kwenye Maji Maji? Hiyo irushe, ya kwanza kabisa, ijibiwe na mmoja wa wale wazee au mwalimu wa historia, si na mtangazaji.

Kipindi kikiisha, jaza daftari usiku huohuo: kipande, wapigaji, tarehe ya rekodi, muda halisi kwa dakika na sekunde, na mahali sauti iliposhuka mno. Muda halisi huo ndio utakaotumia ukirudia kipindi, kwa sababu faili huhamishwa, hubadilishwa majina, na aliye zamu mwezi ujao hatakuwa wewe.